Bosi Asilale Gereji

Minneapolis, Januari

Neema shoga yangu,

Hujambo? Sisi huku wazima. Picha ya mbwa wako Bosi nimeiona, nikacheka mpaka mwanangu akaja kuuliza kuna nini. Masikio yale! Nimefurahi umepata wa kukupokea mlangoni ukitoka zamu ya usiku. Ila uliposema umemtengenezea malazi gereji, mnamoegesha gari, hapo ndipo nikachukua kalamu.

Neema, Winnipeg ya Kanada si Moshi. Nyumbani mbwa wetu Popi alilala banda la kuni na hakuna aliyewahi kumpa hata gunia, maana baridi ya Julai, tuilalamikie tutakavyo, ni ya sweta tu. Huko kwenu zikifika nyuzi 30 chini ya sifuri, gereji isiyo na hita ni friji. Na Bosi ana manyoya mafupi kama ya mbuzi, hana yale mazito ya mbwa wanaovuta sleji kwenye theluji. Mlaze ndani. Najua mama angesema nini akikuta mbwa sebuleni, lakini mama hayupo Winnipeg.

Halafu gereji ina kulanti, ile dawa ya kupozea injini ya gari. Ni tamu, mbwa huiramba ikivuja chini ya gari, na kiasi kidogo tu humuulia figo. Ukimwona anapepesuka kama katoka kilabuni, usingoje kupambazuke, mkimbize kwa daktari wa wanyama saa ileile.

Sasa nikwambie yaliyonikuta. Januari 30, 2019, tuliamkia nyuzi 33 chini ya sifuri, hata posta hawakupeleka barua siku hiyo. Mimi mjuaji nikamvalisha mbwa wangu Tembo koti lake, nikasema tuzunguke mtaa mara moja. Kona hatukuifikia. Akainua mguu mmoja, akaushusha, akainua mwingine, mwishowe akakaa kwenye theluji akinitazama. Nikadhani anadeka, nikavuta kamba! Kumbe nyayo zinamuuma hawezi kukanyaga. Nikambeba, kilo 22, natambaa juu ya barafu kama bibi kizee. Kufika ndani, ncha za masikio zimepauka, ukizigusa ni chuma. Nikaanza kuzisugua, jirani yangu mzee akanishika mkono: nyama iliyoganda haisuguliwi, unaichanachana. Wala si maji ya moto. Tukamwekea taulo lenye uvuguvugu, taratibu, huku nimempigia daktari. Alipona, ngozi ya ncha ikabambuka kidogo tu. Mimi ndiye niliyelia.

Tangu hapo siku kama hizo natoa theluji kwa chepe hapo nyuma ya mlango, anamaliza haja zake, tunarudi. Dakika chache. Viatu mnunulie, ingawa wiki ya kwanza atatembea kama kuku aliyefungwa kamba mguuni. Akivikataa kabisa, mpake nyayo mafuta ya mgando kabla ya kutoka, na mkirudi mwoshe miguu kwa maji ya uvuguvugu, umkaushe katikati ya vidole, ndimo barafu inapojificha. Ile chumvi wanayomwaga barabarani humchoma, na akijiramba anaimeza.

Kutetemeka kutakushtua, na ni kweli, mrudishe ndani. Ila la kuogopa zaidi ni akiacha kutetemeka na bado mwili ni wa baridi, amelegea, anasinzia. Hapo mfunge blanketi na mwende kwa daktari.

Na usimwache ndani ya gari ukiingia dukani, hata "dakika mbili". Dakika zako mbili nazijua tangu Moshi.

Koti la zamani la Tembo nimelituma jana. Mpime Bosi kifuani, kama halifungi niambie nitafute kubwa. Na uniandikie leo usiku amelala wapi.

Wako,
Anna