Acheni kusifia kibanda, sikilizeni albamu

Ndugu Mhariri,

Mimi ni msomaji wa gazeti lako wa siku nyingi, na yapo mengi niliyoyapita kimya kimya. Makala ya Jumapili iliyopita katika ukurasa wa burudani, ile iliyohusu For Emma, Forever Ago, albamu ya kwanza ya Bon Iver, jina ambalo mwanamuziki Justin Vernon alilitumia kutolea nyimbo zake, imenishinda. Mwandishi wako alisimulia jinsi Justin Vernon alivyoachana na mpenzi wake, akajifungia katika kibanda cha baba yake cha kuwindia huko Wisconsin, Marekani, mwishoni mwa mwaka 2006, na akatoka msituni na albamu mkononi. Kisha akawashauri vijana wetu wenye vipaji nao wajitenge na watu ili watunge kutoka moyoni. Kibanda kilikuwepo na baridi ilikuwepo. Kilichokosekana katika makala nzima ni muziki.

Vernon hakuingia msituni akiwa mwanagenzi. Alikuwa na bendi iliyoitwa DeYarmond Edison, ya vijana wa mji wa Eau Claire ambao mwaka 2005 walihama pamoja kwenda Raleigh, North Carolina, na ilipovunjika mwaka uliofuata alikuwa ameshatoa rekodi za bendi na nyingine kwa jina lake mwenyewe. Kwa hiyo alipofika kibandani alijua kurekodi. Sauti yake ile nyembamba ya juu hakuiimba mara moja akaridhika, bali aliirudia na kuipanga tabaka juu ya tabaka hadi mtu mmoja akasikika kama kwaya, na hiyo ni kazi ya fundi mvumilivu, haiji kwa majonzi peke yake. Tena anayeusikiliza wimbo wa For Emma atasikia tarumbeta na tromboni, ambazo zilipigwa na John DeHaven na Randy Pingrey. Mwandishi wako hakuwataja hata kwa nusu sentensi.

Nina sababu ya kuudhika. Kijana mmoja niliyemfundisha gitaa hapa Tanga tangu akiwa shule ya msingi, mpigaji mzuri sana wa rithimu, alisoma habari za namna hiihii akaziamini. Alikuwa na bendi iliyokuwa ikifanya mazoezi kila Jumamosi, na nyimbo zao zilikuwa zimeanza kukaa sawa, hasa mmoja wa taratibu ambao besi iliingia ubeti wa pili na kuubeba wote. Akawaambia wenzake kwamba albamu ya kweli haitungwi na kundi, akachukua gitaa na kompyuta akapanda Lushoto, nyumbani kwa bibi yake, akitafuta baridi na upweke. Vyote viwili alivipata. Aliporudi alinisikilizisha alichorekodi: uzi wa pili ulikuwa umelegea tangu wimbo wa kwanza hadi wa mwisho, mashairi yamejaa theluji ambayo hajapata kuiona maishani, na ule wimbo wa taratibu ameupiga bila besi, mtupu kabisa. Angekuwepo mwenzake mmoja tu chumbani, angemwambia, "Kaza huo uzi." Mpiga besi wake alikuwa ameshajiunga na bendi ya kupiga harusini, mpiga ngoma amerudi kwao Muheza, na leo gitaa la kijana yule limelala juu ya kabati. Kipaji hicho nilikilea kwa mikono yangu, Mhariri, na bado kinaniuma.

Hata nyimbo za hapa nyumbani mnaziandika vivyo hivyo. Ukurasa wenu hutueleza msanii anatoka na nani na amenunua gari gani, lakini hautuelezi nani amepiga gitaa wala nani ametengeneza mdundo. Sisi tuliokulia kwenye muziki wa dansi tulimjua mpiga solo, mpiga rithimu na mpiga besi wa bendi tuliyoipenda, na tulibishana juu yao. Leo kijana anaweza kusoma ukurasa huo mwaka mzima asijue kwamba wimbo una watu zaidi ya mmoja ndani yake.

Naomba jambo moja. Kila mnapochambua albamu, wekeni pembeni kisanduku kidogo chenye jina la kila mpigaji na chombo alichopiga, mahali iliporekodiwa, na mwaka ilipotoka kwanza. Hii ya Bon Iver, kwa mfano, Vernon aliitoa mwenyewe mwaka 2007 kabla ya kampuni ya Jagjaguwar kuitoa upya mwaka 2008. Na mwandishi asiruhusiwe kuandika neno lolote juu ya mapenzi ya msanii kabla hajazisikiliza nyimbo zote, ambazo hapa ni tisa tu na hazifiki hata dakika 40.

Wako,
Mwalimu wa gitaa,
Tanga