YAH: Malalamiko kuhusu vishikilio vya alumini vilivyopasuka katika joto la kazi

Kwa Meneja wa Udhibiti wa Ubora,

Ninaandika kulalamikia vishikilio vya AlSi10Mg (aloi ya alumini yenye silikoni na magnesi kidogo) mlivyotuchapishia kwa leza kutokana na unga wa metali, ambavyo vimeingia nyufa kabla ya kutimiza hata nusu ya muda wa kazi mliotuhakikishia. Agizo letu lilieleza wazi kwamba vingefungwa kando ya bomba la moshi la injini, penye mtikisiko usiokoma na joto la nyuzi 250 za Selsiasi, nanyi mkaridhia kwa maandishi.

Cheti mlichoambatisha kina mchoro wa uchovu wa metali, yaani kudhoofika kwake kwa mzigo unaojirudiarudia, unaofika mizunguko milioni 10 ya mzigo, ila vipimo vyake vyote vilifanywa katika joto la kawaida la chumba, tena kwa sampuli zilizosuguliwa zikang'aa, ilhali vishikilio vyetu vilikuja na uso wa kukwaruza kama vilivyotoka mashineni. Sidhani kwamba mtu anayeijua alumini angeridhika na cheti hicho. Metali hii huyeyuka kwenye nyuzi 660, kwa hiyo nyuzi 250, zikihesabiwa kwa Kelvini, zimekwisha kupita nusu ya kiwango hicho, na hapo uchovu hauji peke yake bali huandamana na metali kunyumbuka polepole chini ya mzigo. Isitoshe, sehemu kubwa ya nguvu ya aloi hii inapotoka kuchapishwa hutokana na utando mwembamba wa silikoni unaozizunguka seli (vijichumba vidogo mno) za alumini, na joto la muda mrefu huukatakata utando huo ukawa punje nene zilizotawanyika.

Tulikata kishikilio kimoja tukakitazama kwa hadubini. Ufa ulianzia kwenye kitundu chenye kingo zilizochongoka, chini kidogo ya uso, na ndani yake zimo chembe za unga ambazo hazikuyeyuka. Mhandisi wenu alitueleza kwa simu kwamba ni unyevu wa unga tu uliotoa gesi; lakini kitundu cha gesi huwa cha mviringo, na hiki ni cha tabaka ambazo hazikushikana.

Tunadai mturudishie fedha zote, mtupatie kumbukumbu za mashine za uchapishaji huo, na kabla ya agizo lingine mtuoneshe vipimo vya uchovu vilivyofanywa katika nyuzi 250 kwa sampuli zenye uso na mwelekeo uleule wa uchapishaji. Pendekezo lenu la kuvibana vishikilio vilivyobaki kwa gesi moto hatulikubali, kwa kuwa njia hiyo hufunga vitundu vya ndani na kuviacha vilivyo wazi usoni. Tumekwisha kuviondoa kwenye injini, na mwakilishi wenu anaweza kuja kuvikagua.

Wako mwaminifu,
Mhandisi wa Matengenezo