Risala ya Klabu ya Mazingira na Utunzaji wa Hesabu kwa Mgeni Rasmi, Dodoma

Ndugu Mgeni Rasmi, Ofisa Maendeleo ya Jamii. Mkuu wa Shule. Wajumbe wa Bodi ya Shule. Walimu walezi wa klabu. Wazazi, walezi na wanafunzi wenzetu.

Kwa heshima kubwa tunakukaribisha shuleni kwetu. Tunajua ofisi yako ina mengi, na tunakushukuru kwa kukubali kukaa nasi mchana huu.

Ndugu Mgeni Rasmi, klabu yetu inawaunganisha wanafunzi wa masomo ya biashara na wale wanaotunza kitalu cha miti cha shule. Mwaka huu tulichagua mada iliyowashangaza baadhi ya wazazi wetu: fedha za mashirika yanayohifadhi pwani. Walituuliza, watoto wa Ugogo na mikoko wapi na wapi? Jibu letu la kwanza ni maji. Mvua inayonyesha huku huingia Mto Kinyasungwe, mmoja wa mito inayolisha Wami, na Wami humwaga maji yake baharini karibu na Saadani. Kusini mwa mkoa, maji ya Kizigo huingia Bwawa la Mtera, yakafuata Ruaha Mkuu hadi Rufiji, ambako delta yake ina msitu mkubwa wa mikoko kuliko wowote katika Afrika Mashariki. Jibu la pili ni karatasi. Ofisi ya Msajili wa Mashirika Yasiyo ya Kiserikali iko hapa Dodoma, kwa hiyo taarifa za kasa, za matumbawe na za pweza huja kupokelewa katika mji usio na bahari.

Tulichojifunza kikubwa kuliko vyote ni kwamba katika vitabu vya hesabu mchango wa mfadhili una stakabadhi, lakini mchango wa mwanamke wa pwani hauna. Tuchukue pweza. Katika baadhi ya vijiji vya Kilwa, Mafia na Pemba, wananchi hukubaliana kufunga sehemu ya mwamba kwa miezi michache. Pweza hukua upesi na maisha yake ni mafupi, hivyo hata muda mdogo wa kumwacha hubadilisha uzito wake sana. Wanaotafuta pweza kwa miguu maji yanapokupwa, hasa siku za bamvua, yaani maji yanapokupwa mbali zaidi, wengi ni akina mama. Mwamba ukifungwa, wao ndio wanaokosa kitoweo na fedha ya madaftari ya watoto. Shirika huleta boti ya doria, mafuta, maboya ya mpaka na semina, na kila kimoja kina hati yake ya malipo. Miezi ya kusubiri haina safu katika daftari la fedha.

Hatusemi miezi hiyo iandikwe kwa shilingi. Wahasibu wana kanuni zao. Tunasema kwamba aliyechangia kwa kukosa naye asomewe hesabu, kama anavyosomewa aliyechangia kwa hundi.

Siku mwamba unapofunguliwa, wanunuzi hufika na pweza hupimwa. Pale ambapo kila kilo hukatwa kiasi fulani kwa ajili ya mfuko wa doria au wa kijiji, maswali huanza jioni ileile. Nani ameshika mizani? Nani ameandika? Fedha imelala wapi? Makato hayo madogo huweza kuzua ugomvi mkubwa kuliko mamilioni ya mfadhili, kwa sababu kila mtu ameyaona kwa macho yake. Kwa maoni yetu, shirika linalotaka kuaminika lianzie kwenye mizani hiyo.

Ndugu Mgeni Rasmi, kuna jambo ambalo walimu wetu walitufafanulia, nalo limetuzuia kuhukumu haraka. Shirika linaweza kuwa na fedha nyingi benki na bado likashindwa kununua mafuta ya boti. Fedha za mradi huja na masharti: za kasa ni za kasa, za mikoko ni za mikoko. Anayezihamisha bila idhini amevunja mkataba, hata kama hakutia senti mfukoni. Mradi ukiisha katikati ya msimu, mlinzi wa viota hukosa posho, wakati mayai ya kasa hukaa mchangani takribani miezi miwili kabla ya kuanguliwa na hayajui mwaka wa fedha wa mtu. Kwa hiyo tukiona mishahara, pango la ofisi na gharama za ukaguzi kwenye taarifa, tusikimbilie kusema wanakula. Tuulize kama posho za semina zimeizidi kazi iliyofanyika baharini, na kama masurufu, yaani fedha anazopewa mtumishi kabla ya safari au kazi, yanarejeshwa kwa risiti za kweli. Mvuvi aliyekodisha ngalawa yake hana mashine ya EFD ya kutolea risiti. Mtumishi mwaminifu humwandikia fomu yenye jina, kazi, kiasi na saini au dole gumba, mbele ya shahidi wa kijiji. Asiye mwaminifu hupitia mwanya huohuo.

Sheria zipo. Ile ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya mwaka 2002 inalitaka shirika litoe taarifa ya mwaka na hesabu zilizokaguliwa, nazo zipatikane kwa umma. Kanuni za mwaka 2018 ziliongeza kwamba fedha zinazozidi shilingi milioni 20 zitangazwe, na mikataba yake ifikishwe Hazina na kwa Msajili. Kinachotusikitisha ni njia ambayo taarifa inaweza kupita: inatoka pwani, inakwenda kwa mkaguzi, inafika Dodoma, nakala inapelekwa kwa mfadhili ng'ambo, tena kwa Kiingereza, na kijiji chenye mwamba kinabaki bila kuiona. Wakulima wa zabibu wakikatwa na AMCOS yao, yaani chama chao cha ushirika, huhoji katika mkutano mkuu. Mama wa pweza anastahili mkutano kama huo.

Sisi tumeanza na fedha za kitalu. Kila mwisho wa mwezi mapato ya miche na matumizi ya viriba na mbolea hubandikwa kwenye ubao wa matangazo, na mwanafunzi yeyote anaweza kuomba kuona stakabadhi. Mwanzoni wengi walipita tu bila kusoma. Sasa wanauliza, tena maswali magumu, na mweka hazina wetu amezoea kuyajibu.

Maombi yetu, Ndugu Mgeni Rasmi. Tunaomba utufikishie kwa Msajili pendekezo hili: kila shirika la uhifadhi libandike katika ofisi ya kijiji muhtasari wa hesabu zake wa ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, na lijibu maswali katika mkutano mkuu wa kijiji. Tunaomba pia ofisi yako itusaidie kupata nakala za hesabu zilizokwisha kutangazwa, ili tujifunze kwa mifano halisi. Klabu haina kabati lenye kufuli. Stakabadhi zetu zinatunzwa kwenye boksi la chaki, na mvua zikianza darasa letu huvuja. Kabati moja lingetutosha.

Tunaomba kuwasilisha.