Mwisho wa Silent Hill 2 sio kitendawili, tusiwe wepesi wa kutoa mji

Ndugu Mhariri,

Pole na kazi. Naomba nafasi kwenye barua za wasomaji nijibu ile makala yenu ya gemu za kutisha, ile iliyosema gemu zinazoisha bila kueleweka ni uvivu wa watunzi na kwamba mtu aliyekaa na padi usiku kucha ana haki ya kuambiwa kilichotokea. Nimeisoma mara mbili, nikamsomea na dada yangu, na tangu siku hiyo haijanitoka kichwani, kwasababu mwandishi wenu katolea mfano Silent Hill 2 na hiyo ndo gemu ninayoijua kuliko gemu nyingine yoyote.

Kwa wasioijua, ilitoka 2001 kwenye PlayStation 2, waliitengeneza Wajapani wa Konami, kikundi kilichokuwa kinaitwa Team Silent, stori kaandika Hiroyuki Owaku, muziki Akira Yamaoka, mazimwi kayachora Masahiro Ito. Oktoba 2024 ikatoka tena, imejengwa upya na Bloober Team wa Poland. Steringi wake ni James Sunderland, mtu wa kawaida tu, sio mwanajeshi wala polisi, kapata barua ya mke wake Mary inamwambia anamsubiri Silent Hill, mji waliokuwa wanaupenda. Ila Mary kafariki kwa maradhi, miaka mitatu sasa. James anaenda hivyohivyo. Anakuta mji umemezwa na ukungu, watu wa kuhesabu, na vitu vinavyotembea ambavyo hutaki kuviangalia sana. Ambaye hajaicheza na ana mpango wa kuicheza aweke gazeti pembeni hapahapa, kuanzia aya inayofuata nasema kila kitu.

Kwenye hoteli ya Lakeview, chumba namba 312, James anaingiza kanda kwenye deki na anajiona mwenyewe akimziba Mary pumzi kwa mto. Maradhi yalikuwepo kweli, lakini aliyemuua ni yeye. Wengi wakifika hapo wanaona fumbo limefumbuka, kilichobaki ni kujua mwishoni James kaondoka au kajiua. Mimi naona hapo ndo fumbo linaanza. Kwanini alifanya vile? Akija kuongea mwishoni na Mary anayemtokea mle mjini anaanza na kusema alishindwa kumuona akiteseka, afu anajikatiza mwenyewe, anasema hapana, sio kweli, wewe ulisema pia hutaki kufa, na kuna upande wangu ulikuwa unakuchukia kwa kuniondolea maisha yangu. Hiyo dakika nimeirudia mara nyingi sana. Huruma na chuki kwenye mikono ileile, kwenye mto uleule, na gemu haikwambii ipi ilikuwa nzito.

Mhariri, mimi na dada yangu tulimuuguza mama karibu miaka miwili. Sitaki kueleza mengi ila aliyewahi kuuguza mgonjwa wa muda mrefu nyumbani ananielewa, kugeuza, kuosha, kuamka saa nane, kuamka saa tisa, na wewe asubuhi una kazi. Kuna usiku mmoja mama aliniita mara ya nne anataka maji na mimi nikalala kimya kama sijasikia, nikasubiri dada aamke. Aliamka. Mama hakusema kitu. Sijawahi kumwambia mtu hili mpaka nilipoicheza hii gemu na kusikia James anasema vile, na nikajua mtu aliyeandika maneno yale anafahamu kwamba unaweza kumpenda mtu mpaka basi na usiku huohuo ukatamani yaishe, na ukishatamani hujui tena ulikuwa unamtakia nani nafuu, yeye au wewe. Sasa mwandishi wenu anataka gemu imwambie jibu. Jibu lipi? Mimi mwenyewe niliyekuwa kitandani usiku ule sina.

Kwenye mambo ya kutafsiri naomba nieleweke, sisemi kila mtu aamue anavyotaka. Hiyo nayo ni tabia mbaya, mtu anatoa nadharia hewani afu ukimuuliza umeiona wapi anasema ah mi nahisi tu. Gemu hii imeacha ushahidi, inabidi uutafute. Kuna mtoto anaitwa Laura, katimiza miaka minane wiki iliyopita, na alimjua Mary hospitalini, na Mary kamwandikia barua inayogusia hiyo siku yake ya kuzaliwa. Hesabu yenyewe tu inakuonyesha Mary hawezi kuwa alikufa miaka mitatu iliyopita, kafa juzijuzi, hiyo miaka mitatu ni ya kichwani kwa James. Na ile barua aliyokuja nayo, ukiwa na tabia ya kuifungua kila mara utaona maandishi yanapotea, mwisho haipo kabisa, maana yake haikuwepo. Hakuna mtu anakutangazia haya, yapo tu, na mchezaji anayekimbia anapita juu yake.

Huyohuyo Laura anatembea mji mzima hana mkwaruzo. Angela, binti mwingine anayekutana na James mle mjini, aliyeharibiwa na baba yake, anasimama kwenye ngazi zinazowaka moto na James akisema kuna joto humu Angela anamuuliza, na wewe unauona? kwangu mimi kuko hivi siku zote. Kwa hiyo mji ni mmoja lakini kila mtu anaona wa kwake, na mtoto asiyekuwa na doa haoni chochote. Hii sio nadharia ya mtandaoni, imesemwa na wahusika wenyewe.

Nikirudi kwenye miisho yenyewe. Ile ya 2001 ilianza na mitano, ukaongezwa mmoja wa sita, na ya 2024 imeongeza miwili ikawa minane. Miwili ni utani wa watengenezaji, mbwa na wageni wa angani, tuiache. Wa kumfufua Mary unahitaji vitu ambavyo huvipati mpaka ucheze mara ya pili. Inayobaki kwa anayemaliza mara ya kwanza kwenye ile ya zamani ni mitatu, James anaondoka na Laura, James anajiua kwa kuingia ziwani na gari, au James anaondoka na Maria, yule mwanamke anayefanana na Mary kila kitu isipokuwa nywele na nguo na tabia.

Na hapa ndo penye ufundi ambao makala yenu haikuugusa kabisa. Huchagui. Hakuna sehemu inakuja menyu inakuuliza unataka upi. Gemu inakuangalia tangu mwanzo kimyakimya, unaangalia picha ya Mary mara ngapi, ukiumia unajitibu haraka au unaburuza mguu nusu saa nzima, unakaa karibu na Maria au unamuacha nyuma, akiwa kalala mgonjwa hospitali ya Brookhaven unarudi kumchungulia au huna habari, kile kisu alichokupa Angela unakitoa toa kukitazama? Mtu anayekitazama kile kisu, anayetembea na majeraha, anasogezwa kwenye ule mwisho wa ziwani, kwasababu gemu inahesabu kwamba James huyu hajali tena kuishi. Yaani wewe unaisoma yenyewe inakusoma.

Mara ya kwanza mimi nilipata wa ziwani. Unasikia gari linawashwa, linakwenda kasi, basi, Ziwa Toluca, na kwenye ile ya zamani hata humuoni akifa. Nilikasirika. Nikasema mimi nimemtunza James, nimempigania, dawa zimejaa mkobani, vile vichupa na maboksi ya huduma ya kwanza yamebaki tele, mbona ananifia? Siku mbili tatu baadae nilipojua inavyohesabu ndo nikaelewa, nilikuwa nabana dawa. Nyumbani kwetu miaka ile dawa za maumivu zilikuwa za kuhesabu, kidonge kimoja usiku, kingine kikae kwa ajili ya siku mbaya zaidi, na mimi nikaingia na tabia hiyohiyo kwenye gemu bila kujua, nikamuacha James atembee na damu na mfuko umejaa. Gemu ikasoma kwamba ni mtu anayetaka kufa. Ilikosea? Kwa muda mrefu nilisema ilikosea, siku hizi sina uhakika, maana mama alipofariki zilibaki dawa kwenye kopo na dada yangu alilia kwa ajili ya kopo lile kuliko alivyolia makaburini.

Ndo maana napinga hili neno uvivu. Dada yeye kacheza kwenye televisheni ileile na padi ileile na kapata mwisho wa kuondoka na Laura, kila akiumia kidogo anatibu hapohapo, na alikuwa anaifungua fungua picha ya Mary bila sababu. Tulibishana sana. Yeye anasema James anastahili kusamehewa, mimi nasema huyo anayemsamehe ni Mary wa mjini mle, Mary aliyetengenezwa na kichwa cha James, sasa msamaha wa namna hiyo una uzito gani? Dada akanijibu msamaha wa marehemu wote ni huohuo, unautoa kichwani kwako, hakuna mwingine. Nilinyamaza.

Najua malalamiko ya mwandishi wenu yanatoka wapi, sisi wengi tumekulia kwenye vibanda umiza, muvi ikiwa ngumu mtafsiri anakusaidia, anakwambia huyu mwenye koti jeusi ndo adui, subiri, na tunajua steringi hafi. Na tumekulia kwenye vitendawili, tega, nikishindwa nakupa mji, ukishapewa mji jibu linatolewa mchezo umeisha. Ni utamaduni mzuri naupenda. Ila kitendawili kimetungwa kikiwa na jibu moja tumboni. Gemu hii haikutungwa hivyo, na mtu anayekimbilia zile video za kuelezewa mwisho kabla hajalala hata usiku mmoja na alichokiona ametoa mji wa Silent Hill wenyewe, akapewa sentensi moja.

Mtaniuliza upi ndo wa kweli kwa watengenezaji. Kuna kitu kipo. Kwenye Silent Hill 4 ya 2004 kuna mzee anaitwa Frank Sunderland, msimamizi wa jengo la wapangaji, na humo inatajwa kwamba mtoto wake na mkwewe walipotelea Silent Hill. Wenye upande wa ziwani wanashangilia, mnaona, hakurudi. Mimi ndo upande wangu huo na bado nasema ushahidi huu hautoshi, mtu aliyemuua mke wake akaondoka na mtoto wa watu anaweza kabisa asimtafute baba yake tena. Kupotea sio kufa.

Afu kuna zile picha za ya 2024. Zipo picha 26 zimetawanywa mji mzima, wachezaji wakakaa wakahesabu vitu vilivyomo kwenye kila moja, hesabu ikawapa herufi, herufi zikaunganika zikawa sentensi ya Kiingereza kwamba umekuwa hapa kwa miongo miwili. Kuna kundi la mashabiki ambalo kwa miaka lilikuwa linasema James anazunguka, kila mwisho umetokea kweli, anaanza tena, ndo maana unakuta maiti zinazofanana naye, ile ya kwenye kiti mbele ya televisheni kule kwenye fleti kwa mfano. Picha zile ziliwapa nguvu sana. Ni nadharia nzuri, ina ushahidi, ila hata hiyo sentensi iangalie vizuri, umekuwa hapa, nani? James? Au mimi niliyeshika padi, ambaye miaka yote hii narudi kulekule kwenye kile choo cha mwanzo James anajitazama kwenye kioo? Hata watengenezaji walipoamua kuongea waliongea hivyo.

Nikitaka kuonyesha utata uliofanywa kwa mikono safi natoa mfano wa mwisho wa Maria. James kaamua kumsahau Mary, anaondoka na huyu mpya, wanaelekea kwenye gari, na Maria anakohoa. Basi. James anamwambia afanye kitu kuhusu hicho kikohozi. Hakuna daktari anakuja kukuambia anaumwa nini, hakuna maandishi, kikohozi kimoja tu na wewe uliyeuguza unajua moyo unavyoshtuka ukisikia kikohozi cha kwanza. Mtunzi angeelezea sekunde kumi zaidi angeharibu.

Ombi langu kwenu ni dogo. Mkiandika tena kuhusu gemu kama hizi msiweke mwisho kwenye kichwa cha habari, na mwandishi aseme yeye alipata mwisho upi na alicheza vipi, kwenye makala ile hakusema, na bila hiyo sijui nabishana na nini. Na kama kuna msomaji kapata ule wa Maria bila kuutafuta mtandaoni naomba aandike, sijawahi kukutana naye na ningependa kujua alikuwa anamfikiria nani alipokuwa anarudi kumwangalia mle wodini. Dada yangu kaianza ile ya 2024 wiki hii, jana alifika Brookhaven, Maria kasema amechoka anataka kulala kidogo. Nilikuwa nimekaa pembeni. Alifungua mlango wa kutoka, akasimama, akarudi kitandani kumwangalia, na sikusema kitu.

Ni mimi msomaji wenu,
Dar es Salaam