Wanangu wa vibaraza vya Mbuyuni, msiache pombe peke yenu

Wanangu mnaolala kwenye vibaraza vya maduka pale Mbuyuni na pembeni mwa stendi ya Moshi, Tumsifu Yesu Kristo.

Barua hii nimeomba isomwe kwa sauti Jumamosi, mama zetu wa WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, watakapokuwa wanawagawia uji. Najua wengi wenu simu mliziuza zamani, na wengine macho yamefifia. Aliye karibu amsomee mwenzake. Na ninyi mtakaoikuta kwenye simu mkiwa mmekaa sebuleni kwenu, isomeni pia, kuna sehemu inawahusu.

Mnaniita Babu, mnanijua kama mzee wa jumuiya anayepita alfajiri na fimbo yake. Wachache wanajua kwamba kile kibaraza cha duka la spea nimekilalia miaka miwili. Nilianza na mbege, pombe yetu ya ndizi, kama vijana wengi wa uchagani, nikaishia kwenye gongo, ile pombe kali ya kienyeji. Nilikuwa mpiga debe. Hela niliyopata kwa siku ilitosha kulewa, haikutosha kupanga chumba. Ilifika mahali nikawa siwezi kufunga kifungo cha shati asubuhi mpaka nizimue kwanza. Mithali sura ya 23 inamweleza mtu huyo vizuri sana: anapigwa wala hana habari, na akizinduka neno lake ni, "Nitaitafuta tena." Siku nilipousoma mstari ule nilikifunga kitabu, nikakaa nacho mapajani muda mrefu. Ilikuwa habari yangu.

Sasa nisikilizeni vizuri hapa, maana ndipo penye sababu ya kuandika. Mkiamua kuacha, na ninawaombea muamue, msiache peke yenu, usiku, juu ya boksi.

Mimi niliacha hivyo. Jumapili moja ya Kwaresima nilisimama nje ya kanisa, kwenye dirisha, nikasikia mahubiri, nikamwahidi Mungu sinywi tena. Niliahidi kwa moyo wangu wote. Kesho yake mchana mikono ikaanza kutetemeka, jasho likanitoka kama niliyebeba gunia, moyo ukaenda mbio. Katekista wetu alinikuta nimejikunyata nyuma ya sakristia, akaniletea chai. Kikombe kikanishinda. Akakishika yeye, akaninywesha kidogo kidogo, chai inamwagikia mkono wa kanzu yake, wala hakuufuta.

Usiku wa pili nikaona siafu wanapanda ukutani. Niliwafuta kwa viganja mpaka ngozi ikachubuka, na siafu hawakuwepo. Wakaja ndugu kunikemea pepo. Walikemea kwa nguvu, nami nikazidi kuogopa. Aliyeniokoa ni mama mmoja nesi, mwanakwaya, aliyeingia akanishika mapigo ya mkono akasema, "Huyu anakata pombe. Mtamwombea ndani ya gari." Wakanipakia kwenye pikapu, wakasali njia nzima mpaka hospitali.

Mwili uliozoea pombe kila siku, kwa miaka, ukikatiwa ghafla huchachamaa. Kutetemeka huanza saa chache tu baada ya tone la mwisho. Ndani ya siku mbili mtu anaweza kuanguka kifafa ambacho hajawahi kuwa nacho maishani. Kuanzia siku ya pili hadi ya nne wengine huona na kusikia vitu visivyokuwepo, homa inapanda, na wapo wanaokufa hapo. Hospitali wanazo dawa za kuutuliza mwili kwa siku hizo, na wanampa mtu vitamini B1, kwa sababu pombe humwacha mtu hana hata akiba hiyo, na ubongo unaumia. Kwa hiyo ukitetemeka usidhani Mungu amekataa ahadi yako. Ni mwili unadai. Nenda hospitali ya Mawenzi, nenda hospitali ya KCMC, nenda na mtu.

Mnamkumbuka Eliya? Alikimbilia jangwani, akalala chini ya mretemu, akaomba afe. Naye alikuwa amelala nje, kama ninyi. Malaika alipomgusa hakumsomea makosa yake. Alimwambia, "Inuka, ule." Palikuwa na mkate na maji. Akala, akalala tena, akaamshwa tena: "Inuka, ule, maana safari hii ni kubwa mno kwako." Mungu alimpa chakula na usingizi mara mbili kabla ya kumuuliza lolote.

Hapo ndipo ninapowageukia ninyi wa sebuleni. Mnampa kijana mia tano, mnamwambia "acha pombe, okoka", mnapita. Ile mia tano ndiyo anayonunulia gongo, kwa sababu usiku ni mrefu na sakafu ni baridi. Viroba, ile pombe kali ya kwenye vifuko, vilipopigwa marufuku Machi 2017 nilifurahi sana. Lakini mtu aliyekuwa halali kitandani hakupata kitanda kwa marufuku ile. Msamaria hakuishia kwenye mafuta na divai. Alilipia nyumba ya wageni, dinari mbili, na akaahidi kurudi kulipa kitakachozidi. Huruma ya namna hiyo ina bei, nami naomba jumuiya zetu tuilipe: chumba, godoro, na mtu wa kukesha.

Wanangu, siku ngumu hazikuishia hospitali. Jioni ndiyo iliyonisumbua. Ikifika saa kumi na mbili miguu inajua njia yenyewe. Kule Dublin, nchini Ireland, alikuwepo kibarua mmoja, Matt Talbot, aliyezaliwa mwaka 1856 na kuanza kulewa akiwa mtoto wa miaka kama 12. Alikunywa mpaka akafikia kuiba fidla ya mpiga muziki wa barabarani. Mwaka 1884, siku moja hana hela, alisimama karibu na baa akingoja rafiki zake wamnunulie. Wakapita. Akarudi nyumbani kwa mama yake, akaweka nadhiri ya kuacha kwa miezi mitatu tu. Miezi mitatu ikawa miaka 41, hadi alipofariki mwaka 1925 akiwa njiani kwenda Misa. Alijizoeza kutembea bila hela mfukoni, na jioni baada ya kazi alikwenda kanisani. Mwaka 1975 Papa Paulo VI alitambua fadhila zake za kishujaa. Na alianza na miezi mitatu! Mimi katekista alinipa chumba cha kutunzia maturubai, na kazi ya kupiga kengele saa kumi na moja alfajiri. Huwezi kupiga kengele umelala mtaroni.

Nilianguka mara mbili. Mara zote mbili ilikuwa Desemba, watu wamerudi nyumbani, kata, kile kibuyu cha kunywea mbege, inazunguka. Kwetu kuikataa kata ni kama kuukataa ukoo, na sikuwa na ujasiri. Mwaka wa tatu nilimweleza kaka yangu mkubwa ukweli. Kata ilipofika zamu yangu aliichukua, akaisuuza, akaijaza maji, akanipa kwa mikono miwili mbele ya wazee wote. Nikanywa. Hakuna aliyesema neno. Mwambieni mtu mmoja wa kwenu ukweli kabla sikukuu haijafika.

Nyuma ya ofisi ya parokia kuna chumba chenye magodoro manne na beseni la kuogea. Kinafunguliwa saa kumi na moja jioni, kabla miguu haijaanza safari yake. Hata ukiwa umelewa, njoo hivyo hivyo. Utaulizwa ulikunywa mara ya mwisho saa ngapi, na kama umewahi kuanguka kifafa. Usidanganye, nesi anauliza ili ajue kama utalala pale au tunakupeleka hospitali usiku huo huo. Mimi nitakuwepo. Chai itakuwa ya moto, na mikono yako ikikataa, kikombe nitakishika mimi.