Wanaochangisha kwa simu watuheshimu

Mhariri,

Naomba nafasi nieleze jambo lililonikera. Nitaanza na lililonifurahisha, maana yote mawili yamenikuta siku moja.

Jumapili iliyopita nilimchukua mama tukatoka Chake Chake, hapa Pemba, kwenda Konde, mpaka msitu wa Ngezi. Mama ameshapindukia miaka 80. Hatukuwa na mgonjwa wala msiba wa kuendea, alitaka kuiona njia tu. Tulishusha vioo, na tangu Ole harufu ya karafuu haikutuacha, kwani ni msimu na kila penye uwanja pametandikwa jamvi.

Kabla ya kufika Konde akaniambia nisimame. Mzee mmoja alikuwa akizigeuza karafuu zake kwa mikono, za juu zimeshaiva jua, za chini bado zina wekundu. Mama akachutama pembeni ya jamvi, akaivunja moja kwa ukucha, akainusa. "Hizi bado siku mbili," akasema. Mzee akatazama juu: "Kwa wingu hili, bibi, sema tatu." Akamfungia konzi moja kwenye kipande cha gazeti. Nilipotoa pesa alikataa. "Mama yako kaja kututazama, nami nimuuzie?"

Tumo garini, simu ikalia. Kijana akanitaja kwa jina langu kamili, akasema anapiga kutoka jumuiya inayosaidia mayatima, akanitaka shilingi 50,000. Nilimwambia naendesha gari na nina mzazi wangu, anipigie usiku. Akaendelea na maneno yake kama hakunisikia. Nikakata. Tumeingia Ngezi, mama anahadithia walivyokuwa wakipita msituni humo kwa miguu alfajiri, mara simu tena. Hadithi ikakatika, na hakuirudia. Mara ya tatu kijana akaniuliza nitamjibu nini Mola siku ya Kiama juu ya watoto wale.

Mama alimsikia, kwa kuwa simu ilikuwa kwenye spika. Akafungua fundo la kanga yake, akanipa 10,000. "Mtumie, mwanangu, asije akatuapiza." Nikasimamisha gari, nikatuma. Haikufika nusu saa, akapiga kututaka tumalizie 40,000 zilizobaki.

Mhariri, mimi natoa, na nitaendelea kutoa. Sisi hapa tumelelewa katika kuchangiana: maziko, harusi, mtoto wa jirani anayekwenda skuli. Lakini anayekuja kuchangisha hupiga hodi, tunamjua kwao, na ukimwambia leo sina hukuombea heri akaondoka. Kumtisha bibi kizee kwa Kiama mpaka afungue fundo la kanga si kuchangisha. Dini yetu imekataza sadaka kufuatishiwa maudhi. Hapa maudhi yametangulia sadaka, na wanaochafuliwa jina ni mayatima wenyewe, kwani kesho mtu mwingine atakata simu ya jumuiya ya kweli.

Tena, jina langu na nambari yangu wamevipata wapi? Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Taarifa za mtu zinakusanywa kwa sababu maalumu, naye mwenyewe aijue. Sikumbuki kuipa jumuiya yoyote ruhusa ya kunipigia.

Naomba wanaosajili jumuiya hizi wawawekee wachangishaji wa simu masharti. Anayepiga ataje jina lake, jina la jumuiya na nambari ya usajili kabla hajataja pesa. Akiambiwa mtu anaendesha, akate hapo hapo, maana barabara zetu zina kona na watoto wengi. Akiambiwa hapana, nambari ile ifutwe. Na kila shilingi iliyotumwa irudishiwe risiti.

Jumuiya ile, kama ipo, naiomba risiti ya 10,000 za mama. Ameniuliza mara mbili kama zimewafikia watoto, na sina la kumjibu.

Msomaji wako,
Chake Chake, Pemba