Barua ya wazi kwa shangazi yangu wa Kibirizi, Kigoma

Shangazi, shikamoo.

Najua simu yako ya vibonye haifungui mambo haya, kwa hiyo kuna mtu atakusomea hapo mwaloni, tena ataongeza chumvi. Mwache aongeze. Nimeandika hadharani kwa sababu na wewe ulisemwa hadharani: kwamba unacheka mno na wateja, kwamba muuza dagaa anayepiga soga na kila kuli hawezi kufika mbali. Nimesikia ulinyamaza. Wewe, kunyamaza! Hilo ndilo lililoniudhi kuliko maneno yenyewe.

Huwezi kujiona ukiwa kazini. Sisi tunaokaa pembeni ndio tunaoona. Kuli anapita na gunia kichwani, kila mtu anamfokea "pisha, pisha", wewe unamwambia, "Fundo hili wewe ndiye uliyelifunga? Hata treni ikiliangusha njiani, hamwagiki dagaa mmoja." Kijana hajibu kitu. Lakini gunia linalofuata analifunga taratibu, analirudia fundo, analivuta kulijaribu. Hukumwambia kwamba ni mchapakazi, wala kwamba Mungu ana mpango naye. Ulitaja fundo, maana yake ulikuwa umeliangalia.

Hapo ndipo unapotuacha wengine. Kila asubuhi simu yangu hujaa picha za maua na jua linalochomoza, na chini yake "tabasamu, maisha ni mafupi". Anatumiwa aliyefiwa, anatumiwa aliyeoa jana, wote picha ileile. Hazina ubaya, ila sijaona aliyenyanyuka kitandani kwa ajili yake. Maneno ya kwako yana mwenyewe. Ukimwambia mwingine hayamkai.

Nimekuwa nikifikiria sana mwaka 2024, Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Sina ugomvi na uamuzi ule. Ziwa ni moja, na nchi nne zinavua humohumo. Lakini wewe unajua mvuvi wa dagaa alivyozoea kupumzika: ni zile siku chache za mbalamwezi tu, taa zinaposhindwa na mwezi na dagaa hawakusanyiki. Analala, anashona nyavu, anarudi majini. Miezi mitatu ni habari nyingine. Wanaume waliozoea kuondoka jioni na taa zao walibaki nyumbani wakigombana na watoto, wakiona haya kumwomba mke hela ya sukari.

Alikuwepo yule baba aliyekuwa akipita mbele ya meza yako ameinamisha uso. Kila mtu alimpa pole, akaambiwa yatapita, na ni kweli yalipita, lakini pole zote zile zilimwacha palepale alipokuwa. Wewe ulimwita kwa sauti ya kusikika hadi kwenye mizani: "Baba, hebu njoo uniokoe! Huyu mtoto wa kaka yangu anashona nyavu kama anatia suruali kiraka. Nifundishie." Mtoto mwenyewe nilikuwa mimi, na nyavu nilikuwa nazishona vizuri tu, asante. Akaketi. Alinifokea mpaka adhuhuri, akafumua kila nilichoshona, na kufikia chai alikuwa anasimulia upepo uliomsukuma usiku kucha enzi za ujana wake, nasi tunacheka. Kesho yake alikuja na sindano yake mwenyewe, bila kuitwa.

Wanaodhani wewe ni wa kelele tu hawajakuona siku ya mvua. Dagaa wameanikwa mchangani, wingu linatokea upande wa Kongo, na mama mwenye mkopo anakimbia huku na huku. Siku hiyo huna utani. Unashika ufagio, unakusanya naye kimya, wakioza mnawatupa pamoja. Hata "pole" huisemi upesi. Zikipita siku mbili tatu ndipo unamchokoza, na hapo ndipo anacheka.

Watu husema maneno matamu humtoa nyoka pangoni, na waliokusema nadhani ndivyo wanavyohesabu: neno zuri ni la kutolea kitu, kisipotoka umepata hasara. Ningeweza kuwajibu kwa hesabu hiyohiyo, kwamba wako akina mama wa Mwandiga wanaozipita meza za wengine wakaja kununua kwako kwa bei ileile. Sitaki kushinda hivyo. Kuli yule hanunui dagaa kwako. Baba wa nyavu hakuwa na kitu mfukoni.

Ila kuna jambo moja nakupinga, na kwa kuwa tuko hadharani nitalisema. Utani wa kipara cha mzee wa mizani uuache. Anacheka, ndiyo, lakini ukishageuka anavaa kofia. Nimemwona zaidi ya mara moja, hata jua lisipokuwa kali. Wewe unayeona mafundo ya magunia, hilo limekupitaje?

Na huyo aliyekusema, najua utaanza wewe kumsalimia, ndivyo ulivyo. Basi ukimsalimia, usiishie kwenye habari za asubuhi. Muulize injini ya boti yake. Imemlaza nchi kavu tangu wiki iliyopita, vipuri havijafika kutoka Dar, na nasikia watu wanalizungumza hilo pembeni bila yeye mwenyewe kuulizwa.

Msalimie baba mdogo. Dagaa nilioagiza uwape wa stesheni, si wa basi.

Mwanao, mtia viraka